Hiyo TV Yako ya Jina Kubwa: Kioo Chake Kilitengenezwa na Nani Haswa?

Ukiambiwa utaje kampuni zinazotengeneza TV, hutafikiria mara mbili. Samsung, LG, Sony, Hisense, TCL. Sawa, umepita. Sasa swali la pili: kile kioo unachokikodolea macho kila jioni, pale picha yenyewe inapotokea, kimetengenezwa na nani?

Kama umejibu "si ni hao hao", kaa chini buda. Leo tunafungua TV, na kuna uwezekano mkubwa jina utakalokuta ndani hujawahi kulisikia maishani.

SIKU REMOTI ILIRUKA

Wacha nianze na aibu ya kwetu. Mathe alinunua TV ya inchi 55 na pesa ya chama. Aliweka akiba karibu mwaka mzima, na hakutaka mchezo: alitaka jina kubwa, lile ambalo wageni wakiingia wanaliona kabla hata waone kochi. Akatoa 68 thao. Jirani yetu, Mama Brayo, alikuwa na yake ya inchi 55 pia, jina la kawaida la mtaa, alitoa 41. Mathe alikuwa anamwonea huruma kimoyomoyo.

Basi siku moja kuna gemu, penalti ikapotezwa, na binamu yangu mdogo akarusha remoti. Hakulenga TV. Lakini ilitua hapo tu. Mistari ya rangi ikasambaa kama buibui, na nyumba ikanyamaza.

Tukamwita fundi wa mtaa, mzae fulani ambaye amefungua TV za hiyo ploti yote. Akatoa kifuniko cha nyuma, akaangalia, akatikisa kichwa. "Mama, hii ni kioo. Kioo haitengenezwi. Nunua TV ingine."

Halafu akamwonyesha stika ndogo huko ndani, ina herufi na namba ndefu, inaanza na HV. Akasema: "Unaona hii? Hata ile ya Mama Brayo niliifungua juzi nikabadilisha taa. Kioo chake kinaanza hivi hivi. Kampuni ni moja."

Mathe aliangalia ile stika kitambo. Kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike hii stori: "Sasa mimi nililipia nini?"

TV NI VITU VINNE

Ili tumjibu mathe, elewa kwanza TV ya siku hizi ina nini ndani. Ukitoa fremu na miguu, zinabaki sehemu nne za maana.

Ya kwanza ni kioo, kile mafundi na viwanda wanaita paneli. Ni vioo viwili vyembamba vilivyobanana, na katikati kuna maji mazito ya ajabu yanayoitwa kristo majimaji. Ukiyapitishia umeme yanajipinda, na yakijipinda yanaruhusu au kuzuia mwanga kupita. Hiyo ndiyo LCD. TV ya 4K ina pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa urefu. Piga hesabu: ni zaidi ya milioni 8. Kila pikseli ina vijidirisha vitatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila kijidirisha kina swichi yake ndogo ya umeme. Kwa hivyo kwa ukuta wa mathe kulikuwa na swichi karibu milioni 25. Remoti moja ikaziua.

Ya pili ni taa za nyuma. Kioo cha LCD hakitoi mwanga chenyewe, kinahitaji kumulikwa kutoka nyuma.

Ya tatu ni bodi, ile inayopokea stima na ile inayosoma picha na kuipanga.

Ya nne ni programu: menyu, YouTube, Netflix, vitu hizo.

Sasa hapa ndipo siri iko. Kampuni nyingi hununua sehemu ya kwanza kutoka kwa mtu mwingine. Mara nyingi kioo kinauzwa kitupu, bila taa, halafu kampuni yenye jina inaongeza taa zake, bodi yake, programu yake, inafunga, inabandika jina. Ni kama hoteli ya mjini na kibanda cha mtaa kununua unga kutoka kwa msagaji mmoja. Chapo zitatoka tofauti, lakini unga ni ule ule.

WASEE WENYEWE NI HAWA

Ukienda Luthuli Avenue leo utahesabu majina mengi mpaka uchoke. Lakini viwanda vinavyotoa vioo vya TV za LCD duniani kote unaweza kuvihesabu kwa vidole.

Namba moja ni BOE ya China. Ilianzishwa Beijing mwaka wa 1993, kutoka kwa kiwanda cha zamani cha serikali kilichokuwa kinatengeneza mirija ya elektroniki. Mwaka wa 2003 walinunua biashara ya LCD ya Wakorea iliyoitwa Hydis, wakapata ujuzi, na hawakuangalia nyuma. Ile HV ya kwa stika ya mathe? Mara nyingi ni hawa.

Wa pili ni CSOT, ya Shenzhen, iliyoanzishwa 2009. Hii ni ya familia ya TCL. Kwa hivyo TCL ni mmoja wa wachache wenye jina dukani na bado wana kiwanda cha kioo nyumbani.

Wa tatu ni HKC, pia wa China. Hawa watatu pekee wanatoa zaidi ya nusu ya vioo vya TV za LCD duniani.

Kisha kuna Taiwan: AUO na Innolux. Wamekuwa kwa hii mchezo miaka mingi.

Umeona kitu? Sijataja Samsung. Sijataja Sony. Sijataja Hisense. Samsung imeongoza dunia kwa kuuza TV tangu 2006, lakini mwaka wa 2022 kampuni yake ya vioo ilifunga kabisa kazi ya LCD. Tangu hapo TV zake za LCD zinategemea vioo vya watu wengine. Hisense nayo hununua. Na brandi za bei ya mtaa kama Vitron, Vision Plus na Syinix, hakuna inayotengeneza kioo chake. Kenya nzima hakuna kiwanda cha kioo cha TV.

KIJITI KIMEPITA MIKONO MINGI

Usidhani China ndio walivumbua. LCD ilitangazwa na kampuni ya Marekani, RCA, mwaka wa 1968, kazi ya George Heilmeier na wenzake. RCA hawakuifanyia biashara. Wajapani wakachukua: Sharp wakaiweka kwa kikokotoo cha mfukoni mwaka wa 1973, na miaka ikisonga wakaipeleka kwa TV.

Wakorea wakaja, wakawapita Wajapani. Mwaka wa 2004 Sony, mfalme wa TV za kichogo, ilibidi aungane na Samsung kwa kampuni ya pamoja iitwayo S-LCD ili apate vioo. Mwisho wa 2011 Sony akakubali kumuuzia Samsung hisa zake zote. Kutoka hapo akawa mnunuzi tu.

Halafu zamu ya Wakorea ikafika. Mwaka wa 2020 Samsung walikubali kuuza kiwanda chao cha LCD cha Suzhou, China. Mnunuzi? CSOT. Mwaka wa 2024 LG Display nao wakakubali kuuza kiwanda chao cha LCD cha Guangzhou. Mnunuzi? CSOT tena. Dili ikafungwa 2025. Sharp, wale wa kikokotoo, walinunuliwa na Foxconn ya Taiwan mwaka wa 2016, na 2024 kiwanda chao kikubwa cha Sakai, Japani, kikaacha kutengeneza vioo vya TV.

Kutoka Marekani, Japani, Korea, Taiwan, mpaka China. Kijiti kimepita hivyo.

KWA NINI WAKUBWA WALITOROKA?

Jibu ni doo.

Kioo cha TV hakitengenezwi kimoja kimoja. Fikiria mathe anasukuma unga wa mandazi: anatandaza mkubwa kwanza, halafu anakata. Kiwanda pia kinaanza na kioo kimoja kikubwa, kinapanga zile swichi zote juu yake, kisha kinakata vipande. Mwaka wa 2017 kule Hefei, BOE walianzisha kiwanda kinachotumia kioo cha milimita 2940 kwa 3370. Hiyo ni karibu mita 10 za mraba, yaani magodoro matatu ya 6 kwa 6 yakiwa yamepangwa pamoja. Kioo kimoja kama hicho kinatoa TV nane za inchi 65.

Sasa kiwanda kama hicho kinakula mabilioni ya dola kabla kitoe TV hata moja. Na ukishakijenga huwezi kukizima bei ikishuka, kwa sababu mikopo na mashine haviachi kula. Unaendelea kutoa vioo, soko linajaa, bei inashuka tena. Serikali za miji ya China ziliingia na pesa zao kusaidia kujenga viwanda hivi. Kampuni za Korea na Japani zikaangalia hesabu zikaona afadhali kununua kuliko kutengeneza.

Wewe msee wa kawaida umefaidika. Ile inchi 55 ambayo kitambo ilikuwa ya mabosi, leo iko keja za bedsita.

KUNA WAKATI WALIKULA PAMOJA

Lakini usiwaonee huruma sana hawa watengenezaji. Kati ya 2001 na 2006, wakubwa wa kampuni za vioo za Taiwan na Korea walikuwa wanakutana kwa siri kwenye hoteli za Taiwan. Vikao vyao viliitwa "Crystal". Ajenda ilikuwa moja: tusishindane, tupange bei. Kwa hivyo dunia nzima ikawa inalipia TV, laptopu na kompyuta bei iliyopangwa mezani.

Ilipolipuka, ikawa noma. Mwaka wa 2008 LG Display ilikubali kosa na kulipa faini ya dola milioni 400 Marekani. Ulaya ikatoa faini zake 2010, na Samsung ikaponea huko kwa sababu ndiyo ilipiga ripoti. AUO walikataa wakaenda kortini, wakashindwa, na 2012 wakapigwa faini ya dola milioni 500. Wakubwa wake wakafungwa jela, si faini tu. Kwa hivyo watu wachache wakishika kioo chote cha dunia, usilale. Jana walikuwa hao, leo soko liko mikononi mwa wengine, pia wachache.

OLED JE?

Hapa hadithi inageuka kidogo. OLED haina taa za nyuma. Kila pikseli inawaka yenyewe na kujizima yenyewe, ndiyo maana nyeusi yake ni nyeusi kabisa, kama stima imepotea.

Kwa TV kubwa za OLED, Wakorea bado wameshika. LG Display ndio wanatoa vioo vingi, na Samsung Display wakarudi na aina yao inayoitwa QD-OLED, iliyoingia kwa TV mwaka wa 2022. TV ya OLED ya Sony? Kioo ni cha LG Display au cha Samsung Display, inategemea modeli. Panasonic na Philips pia wananunua.

Kali zaidi: tangu 2023 Samsung yenyewe imeuza baadhi ya TV za OLED zenye kioo cha LG Display. Hawa ni watani wa jadi, wamechekana kwa matangazo miaka na miaka. Ni kama Gor kwenda kununua straika kwa Ingwe usiku, halafu asubuhi anavaa kijani kama hakuna kitu kimehappen.

Na chunga herufi. QLED si OLED. QLED ni LCD ya kawaida iliyoongezwa karatasi ya chembe ndogo za kuongeza rangi. Inaweza kuwa safi, lakini bado ina taa nyuma. Muuzaji akikuambia "ni kitu moja tu", shika mfuko wako vizuri.

SASA MATHE ALILIPIA NINI?

Turudi kwa swali. Kama kioo kilitoka kiwanda kimoja, zile 27 thao za juu zilienda wapi?

Haziendi zote hewani. Zingine zinalipia taa. TV mbili zinaweza kuwa na kioo kimoja, lakini moja ina taa chache zinazowaka zote pamoja, ingine ina taa zilizogawanywa kwa makundi mamia, kila kundi linapunguzwa peke yake. Ukiwasha filamu ya usiku utaona tofauti: ya kwanza giza linakuwa kijivu.

Zingine zinalipia bodi. Bodi nzuri inasafisha picha chafu ya chaneli za kawaida na kushika mpira ukikimbia bila kuacha mkia. Zingine zinalipia programu inayoendelea kupata apudeti miaka kadhaa. Zingine zinalipia ukaguzi: viwanda hupanga vioo kwa madaraja, na mwenye jina la kulinda hukataa vyenye dosari. Na zingine, tuseme ukweli, zinalipia jina na matangazo.

Shida ya mathe haikuwa kununua jina. Shida ni kwamba hakuuliza hizo pesa za juu zinaleta nini. Na TV yake, kwa bahati mbaya, ilikuwa ile modeli ya chini kabisa ya jina kubwa, yenye taa chache na bodi ya kawaida. Alinunua kofia ya bosi, viatu vya mtoto.

KABLA UTOE DOO

Uliza duka iwashe TV, na usikubali ile video ya maua na samaki wa rangi. Hiyo imetengenezwa kuficha makosa. Waambie waweke picha nyeupe tupu, utafute vidoa na pikseli zilizokufa. Kisha picha nyeusi, uone kama mwanga unavuja kwa kona.

Simama kando. Kuna vioo vya aina ya IPS, vinavyoonekana vizuri hata ukikaa pembeni, na vya VA, vyenye nyeusi kali zaidi lakini rangi zinafifia ukiwa kando. Kama sebule yako watu wanakaa mpaka kwa mlango, hiyo ni muhimu kuliko jina.

Uliza waranti inasemaje kuhusu kioo, na uione imeandikwa. Kioo kilichovunjwa na remoti, mtoto au mpira huwa hakiko kwa waranti. Na usinunue TV leo ukitegemea kupata kioo kingine kesho. Kioo ndicho kitu ghali kuliko vyote ndani ya TV, viwanda huuza kwa maelfu kwa kampuni, si kimoja kimoja kwa fundi, na zile nyaya zake nyembamba kama nywele hubandikwa na mashine. Ndiyo maana fundi husema nunua ingine. Hakudanganyi.

LAKINI USITUPE TV KABLA UJUE INAUGUA NINI

Hapa ndipo wasee wengi hupoteza TV nzima bure. Magonjwa ni matatu.

Sauti iko, picha hakuna, kioo ni kizima? Zima taa za nyumba usiku, washa TV, mulika kioo kwa tochi ya simu kutoka karibu. Ukiona picha hafifu inasonga, kioo chako kiko poa. Ni taa za nyuma zimekufa, na fundi anazibadilisha.

TV haiwaki kabisa, hasa baada ya stima kupotea na kurudi kwa nguvu? Mara nyingi ni bodi. Hiyo pia inatengenezwa au inabadilishwa. Weka kilinda stima kabla hiyo siku ifike.

Kuna ufa, buibui, au wino mweusi unaotambaa? Hapo ni kioo. Pole. Lakini usiitupe: fundi anaweza kununua bodi na taa zake.

Tu usiifungue mwenyewe. Bodi ya stima inaweza kubaki na moto ndani hata ukichomoa waya.

Na stika ile? Fundi akifungua yako, mwombe aangalie mwanzo wa namba. Mara nyingi HV ni BOE, ST ni CSOT, LC ni LG Display, V ni Innolux, T ni AUO. Utajua ulikuwa unaangaliana na nani miaka hiyo yote.

Kwetu, fundi alinunua bodi na taa za ile TV iliyokufa, mathe akaongezea akiba, na mwezi uliofuata tukaenda tao. Muuzaji akaanza na jina, kama kawaida yao. Mathe akamkata: "Jina naliona kijana wangu. Weka picha nyeusi."